Mpaka Ulioteremka

Mama mkwe wangu, Kalunde, huwashuku watu wote, na mimi nikiwemo. Nilipoolewa na mwanawe Kyule, alikaa miezi minne akinusa chai yangu kabla ya kuinywa. Kwa hiyo aliposema jirani yetu Musyimi anasogeza mpaka, sikumtilia maanani.

Tunaishi mteremkoni, juu ya soko la Kalamba. Shamba la Musyimi liko juu, letu liko chini yake, na katikati kuna mstari wa mikonge iliyopandwa na marehemu baba mkwe. Nyumba ya Musyimi imekaa palepale kwenye mteremko. Yetu iko kando, juu ya mwamba, pamoja na tangi la maji. Kila Jumapili baada ya kanisa Kalunde alipima kwa kamba kutoka kwenye tangi hadi mkonge wa kwanza. Kila mwezi umbali ulipungua. Akaapa kwamba Musyimi anaing'oa mikonge na kuipanda upya sisi tukiwa sokoni.

Alimshtaki kwa chifu mara mbili. Musyimi naye akasema mbele ya watu kwamba mjane huyu amekosa kazi. Tangu hapo hawakusalimiana, hata matangani.

Kisha mvua ya Novemba ikaja kwa fujo, baada ya misimu mitatu mikavu. Huku kwetu hakuna anayeacha maji yapite. Pande zote mbili za mpaka tulikuwa tumeziba mitaro ya kutolea maji, ili hata tone lisitoroke.

Jumanne moja tukakuta mikonge imetukaribia hatua mbili tangu Jumapili. Kalunde alifurahi, nasema kweli. Alichukua jembe akaniita niwe shahidi: angechimba kwenye shina, aone udongo mpya na mizizi iliyokatwa, kisha ampeleke mwizi kortini, mjini Wote. Akachimba mpaka shimo likamfika magotini. Mizizi ilikuwa mizima, imeshika udongo wake wa miaka yote. Hakuna mkono uliougusa mkonge ule.

Akainua macho kutazama juu ya mteremko. Tukapanda hadi nyuma ya choo cha Musyimi, na huko tukakuta ufa umekata mteremko kutoka upande hadi upande, upana wake unaweza kumeza mguu, na maji ya mvua yanaingia humo moja kwa moja. Udongo ulikuwa umeshiba maji na unateleza juu ya mwamba, pamoja na mikonge, pamoja na nyumba ya watu.

Musyimi alikuwa anapigilia misumari mlango wa nyumba yake uliopinda. Ndani walikuwamo mkewe na watoto wanne. Kalunde akamweleza habari ya ufa. Musyimi hakuinua hata macho: akasema mjane huyu ameshindwa kwa chifu, sasa anataka kumtisha ahame ili amchukulie shamba. Sikumlaumu. Kwa yote aliyosingiziwa, hata mimi nisingeamini.

Kalunde akavua kilemba, akakikunja mkononi.

"Baba Nthenya, nimekukosea. Hiyo shamba yangu chukua yote, mpaka kwa tangi. Wiki ijayo tunaenda kwa chifu naweka sahihi. Saa hii toa watoto kwa hiyo nyumba."

Musyimi akaweka nyundo chini. Nikaona woga ukimwingia usoni.

"Mama Kyule, wewe hata chungwa la kuanguka hujawahi kunipa," akasema. Kisha akamwita mkewe awatoe watoto.

Mteremko ulishuka Alhamisi saa nne asubuhi, Musyimi na watu wake wakiwa kwetu wanakunywa uji. Nyumba ilienda, choo kilienda, na shamba letu likafunikwa. Hakuna aliyekufa.

Wiki iliyofuata Kalunde alikwenda kwa chifu kutimiza ahadi, ingawa kilichobaki kilikuwa tope na mawe. Nilijivunia kuwa mkaza mwanawe siku hiyo. Musyimi aliisoma karatasi mara tatu, akaigeuza, akatazama nyuma yake. Kalunde akamsogezea kiti.

"Soma tena," akamwambia. "Hata mimi ningesoma."