Kitufe Kilichoishia Getini

Shangazi yangu ana simu mbili, daftari la kurasa themanini, na penseli iliyofungwa kwa uzi kwenye daftari hilo isije ikapotea. Anafanya kazi katika ofisi ya serikali inayolinda wateja, idara ya mambo ya simu na kompyuta, ghorofa ya tatu. Ukimuuliza kazi yake ni nini atakujibu, "Nabonyeza."

Nilidhani anatania. Kumbe kweli anabonyeza! Mtu akileta malalamiko kwamba programu fulani ya simu imemfanyia hila, Shangazi anaichukua programu hiyo na kukaa nayo kama mteja wa kawaida. Kila anapobonyeza anaandika: amebonyeza nini, saa ngapi, kimetokea nini. Simu ya pili anaiegemeza kwenye glasi, irekodi vidole vyake. Ofisini wanamwita Mama Daftari. Walimcheka sana mwanzoni, maana nani anaandika kwa penseli mambo ya kompyuta? Yeye anasema penseli haijawahi kumwomba aisasishe.

Kesi zake ni nyingi, ila nitasimulia ile ya fundi cherehani wa mtaani kwetu, kwa sababu mwisho wake niliuona kwa macho yangu.

Fundi huyu ni mama wa makamo mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Kwa miaka sita alikuwa akihifadhi vipimo vya wateja wake kwenye programu moja ya mafundi: kifua, kiuno, urefu wa mkono, nani bega lake moja limeshuka, nani hapendi kubanwa shingoni. Watu mia nne na kitu. Madaftari yake ya zamani alishayatumia kuwashia moto jikoni. Halafu programu ikaanza kuwatumia wateja wake matangazo ya mafundi wengine. Wateja wake mwenyewe, kwa namba alizoingiza yeye mwenyewe! Akataka kutoka na vipimo vyake. Akabonyeza mpaka kidole kikapata moto, mlango hakuuona. Na kampuni ilikuwa imetangaza kwamba mwisho wa mwezi itafuta taarifa za kila asiyekubali masharti mapya.

Jumamosi asubuhi akaja kwetu mbio. Shangazi akamsimamisha kizingitini.

"Dada, hapa ni nyumbani. Malalamiko yanapokelewa ofisini, Jumatatu saa mbili."

"Jamani, hata kwa jirani?"

"Hasa kwa jirani."

Fundi alisonya hadi ndani tukasikia. Lakini Jumatatu alikwenda, na kabla ya kufungua faili Shangazi alimwandikia bosi wake kwamba mlalamikaji ni jirani yake na ndiye anayemshonea nguo. Tangu siku hiyo hakumpelekea hata kifungo. Gauni lake la bluu likafumuka kwapani, akalishika kwa pini. Mama akamwambia apeleke kwa fundi mwingine, kwani mafundi wameisha? Akasema fundi wake ni yule yule, atasubiri.

Sheria inasema kampuni iliyokuingiza kwa hatua mbili ikutoe kwa hatua mbili, na ikukabidhi vitu vyako. Shangazi alikaa kwenye kibanda cha fundi, akaishika simu ya fundi, akabonyeza mara thelathini na moja. "Kweli unataka kutuacha?" Ndiyo. "Wenzako wote wamebaki." Sawa. "Hebu fikiria tena." Nimefikiria. Ya thelathini na moja ikamrudisha pale pale alipoanzia. Akaandika yote. Siku ya kikao cha kusikiliza kesi ikapangwa.

Bosi wake akamwomba arudie jaribio kwa simu ya ofisi, kwa ajili ya kumbukumbu. Akarudia. Ukurasa wa kwanza tu, kitufe hicho hapo, kijani, kikubwa kama kigae: "Ondoka na vitu vyako."

Alirudia mara tatu, na mara zote kitufe kilikuwepo.

"Mama Daftari," bosi akasema kwa upole, "labda kidole kiliteleza."

"Mara thelathini na moja?"

Shangazi akamwita fundi aje na simu yake. Sasa hapo mapokezi kuna mzee mmoja mkarimu kupita kiasi. Mgeni hajakaa vizuri, yeye ameshaomba simu yake aiunganishe na waifai ya ofisi. "Lete mama, lete, hapa hatuna ubahili." Akaunganisha. Fundi akapanda juu, akafungua programu mbele ya bosi, na kitufe kikamkodolea macho.

"Haki ya Mungu hakikuwepo!" fundi akapiga kelele. "Leo asubuhi hakikuwepo! Mnataka nionekane mwehu?"

Bosi akafunga faili. Akampa Shangazi siku mbili aandike barua ya kuondoa kesi.

Shangazi alimsindikiza fundi hadi nje ya geti. Alituambia baadaye kwamba alikuwa anahesabu tu vigae vya njiani. Fundi alikuwa bado analalama, simu mkononi, anamwonyesha kitufe hicho mbaya. Ghafla akanyamaza. Yeye kunyamaza! Shangazi akageuka.

"Kimeondoka," fundi akasema.

Wakarudi ndani ya geti. Kikaja. Wakatoka. Kikaondoka.

Nilimuuliza Shangazi kampuni ilijuaje. Akanieleza kwamba mtandao wa kila jengo una anwani yake, kama namba ya nyumba, na wao pale ofisini walikuwa wakiiandikia kampuni barua pepe kutoka mtandao huo huo. Kampuni ikaikariri. Yeyote aliyefungua programu kutoka jengo lile alionyeshwa mlango, wengine wote wakaonyeshwa ukuta. "Na kosa lilikuwa letu," akasema. "Miaka yote tunawachunguza tukiwa tumekaa kwenye kiti kile kile." Hakumtaja mzee wa mapokezi.

Pale getini fundi naye alishapiga hesabu zake. "Basi narudi ndani, nabonyeza, nachukua vipimo vyangu, naenda zangu."

"Ni haki yako. Siwezi kukuzuia."

"Lakini?"

"Ukitoka, faili halina mlalamikaji, linafungwa. Nawe usipotoka leo, wakihisi tumegundua, kitufe kitaondoka hata mle ndani. Sikuahidi kitu, dada."

"Kikao lini?"

"Alhamisi."

"Na wanafuta lini?"

"Ijumaa."

Fundi aliangalia simu yake. Watu mia nne na kitu, mkate wake wote umo mle. Mwishowe akaitia kwenye sidiria, mahali anapoweka vitu asivyotaka viguswe. "Mafundi wengine hawana jirani wa ghorofa ya tatu," akasema. "Ila tukishindwa, Mama Daftari, utakuja kupima watu wote hao wewe mwenyewe, mmoja mmoja."

Bosi naye alipoonyeshwa mambo ya getini, alilifungua faili tena. Alhamisi shule zilikuwa zimefungwa na kikao kilikuwa cha wazi, kwa hiyo nilikwenda. Chumba kina viti vya plastiki na feni moja inayolia. Mwenyekiti ni mama mtu mzima mwenye fimbo na goti bovu. Wakili wa kampuni alivaa viatu vya kung'aa hadi unajiona. Akafungua programu, ikaonekana kwenye skrini kubwa ukutani.

"Hatua mbili, waheshimiwa. Moja, mbili. Sijui tunajadili nini."

Watu wakacheka. Fundi, kiti cha mbele, alishika kifua kama anayezuia ndege asiruke.

Shangazi akasimama, ile pini kwapani. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kikao kihamie getini."

Wakacheka zaidi.

"Getini kuna nini?" Mwenyekiti akauliza.

"Hakuna waifai yetu."

"Hii ni dharau kwa kikao!" wakili akaruka.

"Wakili, ngazi ni arobaini na mbili na goti ni langu," Mwenyekiti akasema, akishika fimbo. "Nikishuka bure, nitamalizana naye mimi."

Tukashuka sote, polepole, ngazi kwa ngazi nyuma ya lile goti. Mzee wa mapokezi alipotuona akasimama kwa hofu: "Kwani mtandao umekatika?"

Nje ya geti, Mwenyekiti akamwambia wakili atumie simu yake mwenyewe. Wakili akafungua. Akatelezesha kidole juu, chini, juu tena. Kitufe hakuna.

"Toka basi," Mwenyekiti akasema. "Tunakusubiri."

Akaanza kubonyeza, Shangazi akihesabu kwa sauti na penseli ikitembea. Kumi na mbili: "Wenzako wote wamebaki." Jasho likaanza kumtoka. Ishirini: "Tutakukosa sana." Fundi akadakia, "Usijali baba, hata mimi walinikosa hivyo hivyo!" Thelathini na moja, akarudi mwanzo.

Mwenyekiti akachukua ile simu, akaingia hatua moja ndani ya geti, ikashika waifai, maana mzee wa mapokezi alishaiunganisha asubuhi, akatazama. Akatoka hatua moja, akasubiri kidogo, akatazama. Akaingia tena. Akatoka tena. Mama mtu mzima na fimbo yake, ndani nje, ndani nje, kama mtoto anayecheza kwenye mstari wa chaki. Goti alishalisahau.

"Sikujua," wakili akasema taratibu. Nilimwamini.

Uamuzi ulisomwa alasiri ile ile: hakuna taarifa ya mtu itakayofutwa, kitufe kionekane kwa kila mteja popote alipo, na faini juu. Fundi hakungoja kusikia faini ni kiasi gani. Alishabonyeza. Vipimo vilishuka kwenye simu yake, mia nne na kumi na viwili, naye akawa anasoma majina na viuno vya watu kwa sauti hadi karani akamwomba, tafadhali mama, mambo ya watu hayo.

Siku hizi Shangazi anajaribia programu kituo cha basi, benchi la tatu.

Mama alidhani ile jioni ya Alhamisi gauni litaenda kwa fundi. Wapi! Kampuni ilikuwa na siku thelathini za kukata rufaa, Shangazi akavaa pini siku thelathini. Ya thelathini na moja, rufaa hakuna, akalikunja gauni, akaenda. Nilimfuata.

Fundi alifungua simu kwa mbwembwe, akashusha miwani. "Vipimo vyako ninavyo hapa, vya miaka sita iliyopita." Akamtazama Shangazi toka juu hadi chini. Akaizima simu, akachukua futi shingoni.

"Nyanyua mikono, Mama Daftari. Tupime upya tu."