Finjani Tatu, Kikohozi

Iko siku moja nimeshindwa kuisahau, mwanangu, na hata ningetaka, watu wa Ibra, hapa Omani, wasingeniachia. Nakusimulia kwa sababu Jumapili unaanza kazi ya udaktari huko Sur, na tangu asubuhi nakuona unaipapasa kompyuta yako mpya.

Nilikuwa msichana, ndiyo kwanza nimemaliza masomo ya udaktari, nikapelekwa zahanati ya kijiji karibu na Ibra. Nilimkuta Mzee Nasor, mganga msaidizi, mzaliwa wa Pemba, aliyekitibu kijiji kile peke yake miaka mingi. Daftari lake la wagonjwa lilinichekesha. Aliandika hivi: "Salima, finjani tatu, kikohozi. Khalfan, finjani saba, mambo ya kiume." Nikajisemea, masikini, mzee wa watu anahesabu kahawa badala ya homa. Nikalitia kabatini, nikafungua langu, nikalipiga mistari kwa rula.

Basi kila aliyeingia nilimpokea nimesimama, kalamu mkononi, nikimuuliza ana nini. Naye alinijibu kwamba hana kitu, alhamdulillahi, ni kheri tupu. Nami naandika: Mzima. Wiki nzima mzima, mzima, mzima. Nikamwandikia mama yangu kwamba hewa ya huku ni dawa. Ila jambo moja lilinishangaza: wanaume hao wazima, wasio na hata mafua, kesho yake wanarudi. Wanafuata nini? Nikajitazama kwenye kioo, nikapata jibu. Siku ya pili nikaenda kazini nimepaka wanja.

Ndipo akaja Mzee Hamed, mfuga mbuzi, aliyewahi kuishi Tabora na Kiswahili akikijua vizuri. Nikamwamkia, nikamuuliza ana shida gani.

"Marahaba, binti yangu. Hakuna habari, ila kheri," akasema, huku jasho linamtoka.

Jasho lile nililielewa nilivyotaka mwenyewe. Nikakaza uso, nikamwambia, "Baba, rudi kwa mkeo. Mimi sitafuti mume."

Mzee wa watu hakubisha. Aliniomba radhi kwa kunisumbua, akageuka, akapiga hatua mbili, akaanguka.

Mzee Nasor alitoka mbio chumba cha dawa, akafungua kitambaa ambacho mgonjwa alijifunga mguuni, chini ya kanzu. Mguu umevimba kama boga, na alama mbili za meno ya nyoka. Sindano ilinishinda, Nasor ndiye aliyemdunga. Tulikaa naye mpaka alasiri, hatujui atapona au atakufa mikononi mwetu. Niliona aibu na hofu ambayo sijaiona tena. Nililia, wanja wote ukateremka mashavuni, na Mzee Hamed alipofumbua macho akamuuliza Nasor kama daktari naye anaumwa.

Alipokwisha kutulia, Nasor aliniita kando. Hakupandisha sauti.

"Binti, mtu wa hapa hata nyumba yake ikiungua, ukimuuliza habari atakwambia kheri kwanza. Ndiyo adabu yao. Mkalishe, mpe kahawa, muulize tena na tena. Na yule asiyeweza kungoja kahawa utamjua kwa kumtazama. Wewe ulikuwa unatazama daftari."

Akalitoa lake kabatini, akaniwekea mbele. Zile finjani, mwanangu, ndizo alizokunywa kila mmoja kabla hajasema kinachomuuma. Kesho yake niliomba birika la kahawa, na kijiji kizima kikaugua siku moja.

Mzee Hamed alipona, akaishi miaka mingi, na kisa kile hakukificha. Mpaka leo wajukuu zake wakinikuta sokoni Ibra hunipa shikamoo kwa heshima zote, kisha huniuliza kama nimeshapata mume. Nami, na ubibi wangu huu, huwajibu kwamba hakuna habari, ila kheri.

Basi shauri langu ni hili. Mgonjwa akiingia, mtazame uso na miguu kabla hujaigusa hiyo mashine. Kaa chini, usimuulize umesimama. Akikwambia mzima, muulize tena, na usiandike neno mpaka umeamini kwa macho yako. Mwenyezi Mungu akupe subira, auweke mkono wako kuwa wa shifaa, akuzungushie wagonjwa wakweli na wenzio wa kukusahihisha kwa upole. Nenda, mwanangu. Na wanja, upake siku za mapumziko.