Babushi Jaune mu Kanivo ya Mama-mukwe

Mbele ya kuoa, nilizani kinyaa kubwa kupita yote mu dunia iko kuingiza mukono mu kiatu ya muntu mwenye anatembeaka bila soseti. Miye niko kordonye, kule Katuba mu Lubumbashi, ninashonaka biatu pembeni ya barabara, na pua yangu imekwisha kuona mambo. Lakini siku nilipiga magoti mu kanivo, mufereji ya maji machafu, ya mama-mukwe yangu, nikavuta na mikono kushi ya mutoto, nepi, yenye ilikuwa imevimba sawa mukate mu maji, njo nilijua kama biatu ya bantu ilikuwa marashi.

Ku kartie, mu mutaa yetu, tuko na desturi moja yenye hakuna muntu alitufundisha. Kama mvula hainyeshe, buchafu yote inalala mu mifuko nyuma ya nyumba. Inanuka, inzi inashiba, shiye tunangoja. Mvula ya kwanza ikianza tu, kila lupangu, nyumba na kiwanja yake, inatoka mbio: mifuko, ndoo, bengine mupaka maji ya choo, yote mu kanivo. Kisha tunasimama ku mulango na furaha, sawa bantu benye banasindikiza mugeni ku gari ya moshi. Tunasema: mvula itabeba.

Itabeba wapi? Miye nilikuwa wa mwisho kuuliza. Niliacha masomo mu ya pili ya sekondere, na jeografia njo ilinisukuma inje. Prof aliuliza maji ya muto ya Lubumbashi inaishia wapi. Nikaandika: inaishia Kasumbalesa, ku duane, kwenye banapekuaka mizigo ku mupaka. Alinipa sifuri, akasoma jibu yangu mbele ya klase yote.

Basi. Ku jamaa ya bibi yangu, mukwe hawezi kula ku nyumba ya mama-mukwe mupaka siku yenye beye benyewe batamupikia, kumufungulia kinywa. Mbele ya ile siku unakaa ku mulango, unasikia harufu ya mboga, unameza mate. Tena hamusemezane uso kwa uso. Maneno inapitia kwa bibi yako, hata kama mama-mukwe iko metre mbili. Nilikuwa nimengoja myaka tatu. Batoto babili tayari, kinywa ingali imefungwa. Ile mwaka ba mama-mukwe (iko mumoja, lakini heshima inamufanya bengi) balimwambia bibi yangu: kisha mvula ya kwanza, tutamupikia. Na haitakuwa tusamaki twa kukausha. Itakuwa samaki ya bahari, ile ya frigo, yenye inakuyaka na kamyo kubwa ya barafu.

Juu ya ile furaha, nilibatengenezea babushi, ndara ya kuvaa ku nyumba. Nilikuwa na kipande mukubwa ya mpira laini, rangi jaune kali sawa kiini ya yai, yenye hakuna kiliya, hakuna muteja, alitaka kuvaa. Nilipima muguu yabo kwa siri ku kiatu ya zamani, nikakata, nikashona, nikatuma. Ikabakia ile kipande na matundu mbili ya muguu katikati. Mvula ya kwanza ikanyesha. Nikatupa kipande, na mabaki ya mwaka muzima, na mikebe ya kole, gundi ya biatu. Nikasimama ku mulango, nikasindikiza.

Mama-mukwe anakaa kule chini, karibu na muto. Kanivo yangu inashuka. Hivi bintu mbili nilikuwa ninajua, lakini sikuwahi kubikutanisha mu kichwa moja.

Kesho yake ba mama-mukwe balituita. Nilivaa shati ya misa, nilizani sahani inaningoja. Lupangu yote ilikuwa maji nyeusi. Harufu ilikutana na shiye ku barabara. Kisima ya lupangu ilikuwa imekunywa yote: mavi, sashe ya plastiki, nywele ya kusukia, panya moja alikuwa anaelea tumbo juu. Na ku kamba ya nguo, mabaki yangu ya jaune ilikuwa imetundikwa.

Ba mama-mukwe baliishusha, bakailalisha chini, bakaingiza muguu mu tundu. Iliingia sawasawa. Hata nafasi ya ukucha haikubakia.

"Mwambie mukwe yangu," balisema na bibi yangu, beye banaangalia ukuta, "kazi yake iko muzuri. Mezire, kipimo yake, haidanganye."

"Mama banasema kazi yako iko muzuri," bibi alisema.

"Nimesikia."

"Mwambie tena, bakwe ya benzangu banatumaka nyama. Wa kwangu amenitumia mavi ya avenue muzima, na sinyatire yake, sahihi yake, juu."

"Mama banasema ungetuma nyama," bibi alifupisha.

"Na samaki iko mu friza ya jirani. Haitapikwa na maji ya hii kisima. Siku kisima itakuwa safi, kinywa itafunguka."

Hii bibi yangu hakufupisha.

Nilifanya juma moja. Nilitoa maji na ndoo, nikakwaruza, nikamwanga javel, dawa ya kusafisha, nikatoa tena. Mu kanivo, kila kintu nilishika ilikuwa laini pahali haikupaswa kuwa laini. Nilitapika mara mbili, ya pili juu ya kazi yenye nilikuwa nimekwisha. Jirani mumoja alisimama pale, mikono mu mifuko.

"Kordonye, leo unashona kanivo?"

"Ndiyo. Leta na ya kwako, nitaweka soli."

Lakini mabaki yangu haikutimia. Nilikuta kidogo tu. Bibi yangu, mwenye alimaliza masomo, alinionyesha muto nyuma ya lupangu.

"Ingine imekwenda. Kafubu, Luapula, ziwa Moero, Luvua, Lualaba, kisha muto mukubwa, mupaka bahari."

"Na duane?"

"Hakuna duane, papa ya batoto."

Nilikaa chini. Bahari sijaionaka. Miye ninaijuaka ku sahani tu: shiye benye tuko mbali hivi, inatulisha, samaki yake inafika mupaka Katuba. Na haina kamba ya kutundika mabaki yetu, haina mutoto mwanamuke wa kutuma aniite na shati ya misa. Inameza tu. Kinyaa ile wakati haikukuwa ya panya tena. Ilikuwa ya mikono yangu.

Kisima ikakuwa safi, siku ya samaki ikafika. Ba mama-mukwe balipasua ya kwanza, bakasimama. Mu tumbo mulikuwa kipande ya plastiki, ndogo sawa ukucha. Miye niliangalia rangi kwanza.

"Haiko jaune," nilisema, moja kwa moja kwa ba mama-mukwe. Kinywa ilijifungua yenyewe mbele ya wakati.

Baligeuza macho ku ukuta.

"Mwambie mukwe yangu, nimeona. Hii iko ya mukwe wa mama mwingine."

Balitupa matumbo mu shimo, hapana mu kanivo, bakaosha samaki mara tatu, bakapika na tomati. Bukari, ugali yetu, ikaletwa mbele yangu. Kisha myaka tatu haukatae. Nilikula, polepole sana, na ku kila tonge ulimi yangu ilisimamisha samaki, ikapekua, ikatafuta, sawa muntu wa duane.