Kumtafutia Binti Yangu Farasi Mpole

Madalali wangejua kusali kama wanavyojua kudanganya, mbinguni tungewakuta wamekaa mbele.

Binti yangu ana miaka tisa, na miguu yake haina nguvu tangu azaliwe. Mtaalamu anayemfanyisha mazoezi hapa Mbeya alisema kupanda farasi kungemkaza mgongo. Tulimpandisha mara moja, kwenye shamba moja kule Mufindi, akakaa wima dakika nzima bila kushikwa. Dakika nzima! Mtoto ambaye mezani namwegemeza kwa mito. Majani tunayo, eneo tunalo, nikaapa nitamtafutia farasi wake, mpole, aliyefundishwa, wa kuishi na familia.

Hapo ndipo nilipoyatimba. Dalali wa kwanza aliniletea punda. Nilipomwuliza farasi yuko wapi, akaniambia, "Mama, si ana miguu minne?" Hata meza ina miguu minne, baba! Wa pili alileta farasi kweli, na farasi huyo akanichania mtandio kwa meno mbele ya majirani. Dalali anacheka, eti farasi ananisalimia.

Wa tatu akaniita kwa mwenye farasi mmoja, njia ya Idodi. Shule zilikuwa zimefungwa, nikaenda na binti yangu. Mwenyeji alitupokea kwa desturi za Uheheni: salamu za kamwene hapa, kamwene pale, halafu ugali na kuku. Farasi humwoni mpaka ushibe, na kukataa chakula cha watu ni matusi. Nikala nimenuna.

Tulipotoka uani, farasi mwekundu alikuwa amesimama kichwa chini, mdomo umelegea. Nikampapasa shingo. Nikapiga makofi karibu na sikio lake. Hakushtuka hata kidogo. Machozi yalinilengalenga, nikasema Mungu wangu, ndiye huyu. Nikamkumbatia, nikanusa.

Pombe ya komoni! Wakati sisi tunalishwa ndani, yeye alikuwa analishwa nje machicha ya pombe, yale tunayowapa nguruwe. Amelewa chakari. Na mimi, mtoto wa mpika pombe niliyekulia kwenye harufu hiyo, nusura nimkabidhi mwanangu kwa mlevi! Nilifoka mpaka kuku wakatawanyika.

"Lakini si ametulia, mama?" mwenyeji akasema.

Njia nzima hadi Iringa mjini niliendesha gari huku nalaani. Binti yangu alikuwa amejikunyata kiti cha nyuma. Kesho yake, tukielekea nyumbani, tukapitia kwa mzee mmoja karibu na Mafinga ambaye nilisikia ana farasi jike wa kijivu. Mzee hakumsifia hata kwa neno moja. "Mvivu huyu. Wanaomkodi wanalalamika hakimbii."

Nilivyozoea uongo, ukweli ukanitia wasiwasi. Nikamkalisha binti yangu kwenye kiti chake cha magurudumu, nikaanza: anang'ata? Anapiga mateke? Amekula nini leo? Hebu nimnuse! Kila nilipomsogelea, farasi alirudi nyuma na masikio ameyalaza.

"Si unaona? Huyu naye mkorofi!" nikamgeukia mzee.

Aliyenijibu ni binti yangu.

"Mama, si mkorofi. Anakuogopa. Unapiga kelele."

Nilifungua mdomo nimkaripie, nikaona macho yake, nikaufunga. Nikarudi hatua kadhaa, nikasimama kando ya ua. Kisha yule farasi akaja taratibu, akainamisha kichwa mpaka kwenye mapaja ya mwanangu, akampumulia magotini. Binti yangu akamwekea mkono katikati ya macho.

"Usijali," akamwambia. "Hata mimi huwa namwogopa hivyo hivyo."

Nilimwuliza mzee bei kwa kunong'ona.