Muhula Wangu wa Ulaya Kule Kiseke

Kwa watu wa mtaa wetu wa Butimba, mimi nimesoma Denmaki muhula mzima. Ukweli ni kwamba muhula ule niliumalizia Kiseke, upande wa pili wa mji huo huo wa Mwanza, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mama yangu mdogo, mlango wa mbele ukiwa umefungwa kwa kufuli kutoka nje. Habari za Denmaki nimezisimulia mara nyingi kuliko habari za maisha yangu mwenyewe. Za Kiseke sijawahi kuzisimulia.

Safari yenyewe ilikuwa ya kweli, hilo nataka lieleweke. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Dar es Salaam, na chuo chetu kilikuwa kimeanza ushirikiano na chuo kimoja cha kule. Wanafunzi sita tungekwenda kusoma huko kuanzia Septemba mpaka karibu na Krismasi. Baba alipopata ile barua aliisoma amesimama, akaketi, akasimama tena. Mwaka uliotangulia alikuwa amepunguzwa kazini kwenye kiwanda cha nguo. Ndilo lilikuwa neno la miaka ile, kupunguzwa, kana kwamba mtu ni nywele. Fundi mitambo wa miaka ishirini na kitu akawa mtu wa kushinda barazani na redio yake, na wale waliozoea kumwita fundi wakawa wanampita wakiangalia pembeni. Mama alikuwa ameshafariki na mimi ndiye mtoto wake wa pekee, kwa hiyo kimya chote cha baba kilinisubiri mimi kila likizo.

Basi nikaagwa. Niliagwa kupita kiasi. Jumuiya yetu ya kanisa ilisali nyumbani kwetu, mbuzi akachinjwa, na baba akaninunulia koti zito la sufu kwenye mitumba, akanilazimisha nilivae pale pale sokoni kulipima huku jasho likinitiririka. Stesheni kwaya iliimba. Baba alitoa hotuba akiwa amesimama kwenye ngazi ya behewa mpaka mtu wa reli akamwomba ashuke, treni inataka kuondoka.

Dar nilikuta nafasi zimepungua. Kijana wa ofisi iliyokuwa ikishughulikia safari aliniambia zilikuwa sita, zimebaki nne, na jina langu halimo. Alinipa pole huku anatafuta kalamu yake mezani. "Mwakani jaribu tena, dada." Chuoni kwangu nako nilikuwa nimeshatolewa kwenye orodha ya muhula ule, na kitanda changu bwenini kilikuwa kinalaliwa na mwingine. Ndugu pale mjini sikuwa naye. Nikapanda treni ya kurudi, siku mbili njiani, nikipanga maneno ya kumwambia baba. Nilipoteremka Mwanza miguu ikakataa njia ya Butimba. Nikajifunika kanga mpaka puani, nikaenda Kiseke kwa mama mdogo, nikamwambia nalala siku moja tu, kesho nakwenda kwa baba.

Mama mdogo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, anaishi peke yake, mtu wa kuamua haraka.

"Kesho huendi popote," alisema. "Juzi tu wamemchagua kuwa mwenyekiti wa jumuiya. Unajua kwa nini? Kwa sababu yako. Jana nimemkuta anacheka, mwanangu. Anacheka mpaka anashika mbavu. Sasa wewe ukamtokee mlangoni na sanduku lako?"

"Kwa hiyo nikae hapa mpaka lini?"

"Mpaka tuone."

Tukaona mpaka muhula ukaisha.

Kila asubuhi alifunga kufuli kwa nje akaenda shuleni, ili majirani wajue ndani hakuna mtu. Nilibaki mimi, joto la bati na ndoo. Choo kilikuwa uani, na ua ulikuwa wazi kwa majirani wote, kwa hiyo ndoo. Hapo sina la kupamba. Sikuruhusiwa kuwasha redio, sikuruhusiwa kupika wala kukohoa. Dirisha la chumba lilitazamana na jiwe kubwa, na kati ya jiwe hilo na jingine palibaki nafasi ya upana wa kiganja, humo ndimo lilimoonekana ziwa. Wageni wanaposifia mandhari ya Mwanza huwa nakaa kimya. Mimi lile ziwa nililichukia. Lilikuwa limetanuka vile, na mimi nashindwa hata kwenda kunawa miguu.

Juu ya paa zilipita ndege za samaki. Ndiyo miaka ambayo viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinafunguliwa ufukweni kimoja baada ya kingine, na minofu inapakiwa uwanja wa ndege kwenda Ulaya. Kila ndege ilipopaa sahani zilitetemeka kabatini. Sangara wa Mwanza alikuwa anakwenda Ulaya bila kuagwa na kwaya. Nilimwonea wivu samaki, mtu mzima na akili zangu.

Wiki ya tatu baba akaanza kuuliza mbona siandiki. Mama mdogo akarudi nyumbani na karatasi nyembamba za bluu na uongo ulioiva: kuna mtu anafanya kazi kwenye ndege za samaki, yeye ndiye atakayeleta na kupeleka barua, ndiyo maana hazina stempu. Siku zile kumpa msafiri barua mkononi lilikuwa jambo la kawaida kabisa, na baba hakuuliza zaidi. Nikaandika: Baba mpendwa, shikamoo. Nilitegemea kitabu cha jiografia nilichokikuta kabatini kwa mama mdogo. Niliandika baridi, nikaandika baiskeli, nikaandika mashamba ya ngano. Baba akajibu kurasa mbili, na karibu zote zilihusu ng'ombe. Wanakula nini? Wanalala wapi wakati wa baridi? Je, wana nundu? Msukuma ni Msukuma. Nikamjibu kwamba hawana nundu na kwamba wanakamuliwa kwa mashine. Mama mdogo alinisimulia kwamba barua ile ilisomwa jumuiyani mara mbili, na wazee wakabishana juu ya ng'ombe asiye na nundu mpaka chai ikapoa.

Nilicheka nimeziba mdomo kwa mto, halafu nikalia kwenye mto huo huo. Nilimwonea baba hasira, na hasira yenyewe niliionea aibu. Furaha yake ilihitaji mimi nisiwepo. Kila barua niliyoandika iliongeza tofali kwenye ukuta wangu mwenyewe, na niliandika vizuri, hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Jirani yetu alikuwa mama mmoja aliyeanika dagaa nje ya nyumba yake, na mtu anayeanika dagaa ana muda wa kutazama. Aliona mwalimu anayeishi peke yake ananunua mkate wa watu wawili. Aliona kwenye kamba kanga ambazo si za mwalimu. Msichana anayefichwa ndani ana maana moja tu, na yule mama hakuhitaji kuambiwa. Habari ikatoka Kiseke, ikapita mjini Nyamagana, ikafika Butimba: mwalimu kaficha binti wa watu mwenye mimba.

Jumamosi moja ya Novemba, saa sita mchana, mama mdogo yuko nyumbani, nikasikia hodi. Niliijua sauti ya baba kabla haijamaliza neno. Nikakimbilia chumbani nikausukuma mlango. Ulikuwa umepinda kwa mvua na haukufunga vizuri, ikabidi niushikilie kwa mkono.

"Karibu, shemeji," mama mdogo alisema haraka. "Barua bado haijafika."

"Leo sikuja kwa barua." Nikasikia kiti kinalia chini yake. "Shemeji, nimekuja kama mwenyekiti na nimekuja kama ndugu. Watu wanasema una binti humu ndani."

"Watu gani hao?"

"Watu. Mimi sikuulizi ni nani. Ila huyo binti ana baba yake, na huyo mzee huko aliko halali. Mrudishe kwao."

"Shemeji, mambo mengine hujui yalivyo."

"Sawa, sijui. Lakini na mimi nina binti. Yuko mbali, hata leo sijui amekula nini. Angepata shida kama hiyo, akaenda kujificha kwa watu kwa kuniogopa mimi, huko kuniogopa kungeniumiza kuliko mimba yenyewe. Mimi ningempokea. Hata angekuja na mapacha ningempokea."

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, na sijasikia tena mtu akinisemea maneno mazuri kama yale. Mkono wangu ukaachia mlango.

"Shikamoo, baba."

Kitu cha kwanza alichotazama ni tumbo langu. Alilitazama kwa muda mrefu, na hapakuwa na la kutazama, maana kwa lile joto na kile chakula cha kujificha nilikuwa nimekonda kama fito. Niliona kabisa macho yake yakitafuta mimba na kuikosa.

"Umerudi lini?" aliuliza.

"Sikwenda, baba."

Nikamweleza yote, kuanzia yule kijana aliyekuwa anatafuta kalamu mpaka kitabu cha jiografia. Mama mdogo alikuwa analia. Baba hakulia wala hakufoka. Alivua kofia yake akawa anaitazama kwa ndani, kama mtu aliyeandikiwa kitu humo.

"Ungekuwa na mimba," alisema, "ningejua la kusema."

Halafu akainuka. Nilidhani anakuja kunishika, nikasogea mbele. Alikwenda kufunga dirisha la sebuleni.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna," alisema mama mdogo.

"Zimebaki wiki ngapi?"

"Tano."

"Basi akae hizo tano."

Kuanzia siku ile nikawa na walinzi wawili. Baba alipotoka alisimama kwa yule mama wa dagaa, akamweleza kwa sauti ya uenyekiti kwamba aliye ndani ni msichana wa kazi, ametoka tetekuwanga, watu waache kusema wasiyoyajua. Akawa anakuja kila Jumamosi. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, tukaandika barua pamoja, na hakuna mwalimu aliyewahi kunisumbua kama yeye. "Baridi umeshaisema. Sema kitu kingine." Akataka niseme kuhusu kanisa lao, kuhusu wazee wao, kama vijana wanawapisha kwenye viti. Kesho yake aliisoma barua hiyo jumuiyani, akashangaa pale pale tulipokubaliana ashangae. Mama mdogo alisema alishangaa vizuri sana.

Mara moja nilimwambia tuwaambie watu. Watasema siku mbili, watachoka. Alikuwa amenimenyea kiazi kitamu, akawa ameshika maganda mkononi.

"Wewe Januari unarudi chuoni," alisema. "Mimi nitabaki nao."

Nilitaka kumchukia siku ile na ilinishinda. Tulikuwa tumefungiwa wote wawili, ila mimi nilikuwa na tarehe ya kutoka.

Kurudi kwangu kulipangwa kama harusi. Wiki moja kabla ya Krismasi, alfajiri, mama mdogo alinipeleka kupanda basi la Shinyanga, nikiwa nimejifunika kanga kichwani. Shinyanga nikaisubiri treni inayotoka Dar, nikapanda, nikavaa lile koti la sufu kwa amri ya baba, kwenye joto la Desemba. Abiria wenzangu walinitazama kama mgonjwa. Treni ilipoingia Mwanza niliisikia kwaya kabla haijasimama.

Baba aliwasukuma watu akanifikia wa kwanza. Alinikumbatia, akalia kwa sauti, mabega yanatikisika, na wanawake nyuma yake wakaanza kulia naye. Mtu huyo nilikuwa nimemwona Jumamosi iliyopita, tumekula viazi kwenye sahani moja. Lakini machozi yalikuwa ya kweli. Afadhali yangekuwa ya uongo, nisingeogopa vile.

Nyumbani watu walijaa mpaka nje. Nilikalishwa kwenye kiti kikubwa, na baba kama mwenyekiti akaongoza maswali. Akaniuliza ya baiskeli, nikajibu. Akaniuliza ya kanisa lao, nikajibu. Mzee mmoja akataka kuhakikishiwa habari ya nundu, nikamhakikishia, akatikisa kichwa kuwasikitikia ng'ombe wale. Yote tulikuwa tumeyafanyia mazoezi Kiseke, na nilianza kuhisi mwisho umekaribia, chakula kitaletwa, nami nitakwenda kulala. Ndipo baba akainua mkono kutuliza watu.

"Na huko ulikokuwa, mama," aliniuliza, "ulikuwa unatukumbuka?"

Swali hilo hatukuwa tumelifanyia mazoezi. Nilimtazama kuona kama ni mchezo wake mwingine. Haukuwa mchezo. Jumamosi zote zile alizokaa kwenye ukingo wa kitanda changu hakuwahi kuniuliza hivyo, na sasa aliniuliza mbele ya watu.

"Kila siku, baba," nilisema. "Kila siku nilitaka kurudi nyumbani."

Mama mmoja akasema Ulaya si mchezo, mtoto kateseka na baridi. Watu wakaanza kupiga makofi. Baba naye akapiga makofi pamoja nao, akiangalia chini.