Pikapu Iliyorudi Bila Mwenyewe

Haya yalinipata mimi mwenyewe, saa saba mchana, jua likiwa utosini, na sikuwa nimeonja chochote kikali kuliko chai. Nasema mapema kwa sababu najua utauliza. Mimi ni Msabato, tena fundi mwenye diploma ya magari, na miaka tisa nimefungua injini huko Ghuba katika joto ambalo lingekulaza wewe chini. Kila nilicho nacho nimekipata kwa mikono hii. Mtu kama mimi ana haja gani ya kutunga mambo ya wafu?

Niliporudi Migori kila mtu aliuliza gari langu liko wapi. Shemeji yangu alinicheka mbele ya watu: "Omera, ndugu yangu, miaka yote hiyo Uarabuni, na umerudi na boksi la spana tu?" Walitaka ninunue gari jipya, yale ya kompyuta, ambayo taa moja ikiwaka kwenye dashibodi unabaki kando ya barabara kama yatima. Nikakataa. Gari la zamani ni chuma. Ukijua kulisoma, litakuzika.

Nililipata Karungu, nyumbani kwa mjane mmoja, Mama Awuor. Pikapu ya buluu, imekaa chini ya mabati miaka sita, kuku wanataga ndani. Ilikuwa ya mumewe, Okech, aliyekuwa akienda nayo Masara kwenye mashimo ya dhahabu, mpaka siku shimo lilipomwangukia. Walichimba siku nne wakakata tamaa. Mwili haukupatikana. Okech alikuwa na desturi ya kuingia shimoni peku, kwa hiyo wenzake waliirudisha pikapu na viatu vyake vikiwa juu ya kiti cha abiria.

Wengi walikuwa wameitaka, mama akawakatalia. Mimi alinikubalia kwa sharti moja.

"Wuoda," akaniambia, yaani mwanangu, "siku itakapowaka, kabla hujaitumia kwa kazi yoyote, ipeleke Masara. Simama kwenye lile shimo, mwite Okech kwa jina, umwambie gari limekuja kumchukua. Halafu umlete hapa. Mtu halali ugenini."

"Sawa, mama. Nitamleta."

Nilisema hivyo kama unavyomwambia mtoto kwamba kesho utamnunulia baiskeli. Nilichotaka ni gari.

Na kazi niliyoifanya, hakuna fundi mwingine Migori angeiweza. Injini niliishusha yote. Pistoni nilizivalisha pete mpya, gasketi niliikata kwa mkono, rejeta nikaichomelea, vitasa nikavitia grisi hadi mlango ukawa unafunguka kwa kidole kimoja. Ilipowaka, majirani walitoka nje kuangalia. Wiki ile ile nikabeba saruji. Iliyofuata nikabeba mahindi. Mama Awuor alipiga simu mara mbili, nikamwambia bado naijaribu. Mara ya tatu sikupokea.

Mwezi wa tatu tangu iwake, tajiri mmoja wa Masara akaniita nichukue pampu yake ya kutoa maji shimoni, niipeleke Homa Bay ikatengenezwe. Sitakudanganya, ahadi niliikumbuka. Lakini wewe niambie, mtu wa diploma asimame mbele ya vijana wa mgodini akimwita marehemu? Nilipita kwenye mashimo macho yakiwa mbele.

Walipomaliza kupakia pampu, nikakuta mtu ameketi kwenye kiti cha abiria. Mtu mzima, vumbi jekundu toka nywele hadi kucha. Kule wote wako hivyo, sikushtuka.

"Naomba lifti, fundi," akasema.

Nikafurahi, maana nilipata wa kumsimulia. Tukaondoka huku nikimtajia kila kipuri nilichobadilisha, na yeye akipapasa dashibodi polepole.

"Umeitunza," akasema. "Lakini gia ya tatu usiisukume. Ingoje, itaingia yenyewe."

Gia ya tatu ilikuwa imenisumbua tangu siku ya kwanza, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Ndipo nilipomtazama miguu. Alikuwa peku.

Tukafika njia panda. "Karungu ni huku," akasema.

"Mimi naenda Homa Bay, mzee," nikajibu. "Shuka hapa, pikipiki ni nyingi."

Pikapu ikazimika papo hapo. Nikashika kitasa cha mlango, kimegoma. Nikazungusha mkono wa kioo, unazunguka bure. Nikachukua spana kubwa nikapiga kioo kwa nguvu zangu zote. Spana ilinirudia mkononi, na kioo hakikupata hata mkwaruzo.

Yule mtu hakunigusa, niamini. Alikaa tu, na udongo ukaanza kumtoka kwenye mikono ya shati, taratibu, kama unga unavyotoka kwenye mashine ya posho. Ukafunika pedali. Ukafika magotini. Ulikuwa baridi na wenye unyevu, udongo ambao haujawahi kuona jua.

Na nje watu wanapita! Mwanamke mwenye ndoo ya dagaa wa omena, wanafunzi, mchungaji na ng'ombe zake. Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Mwenye pikipiki anayenijua akapunguza mwendo, akaniangalia usoni kabisa, akacheka. "Fundi, leo umepumzika!" Akaenda zake. Umewahi kuzama huku watu wanakupungia mkono?

Udongo ulipofika kifuani sikuweza tena kujaza pumzi.

"Ilikuwa hivi," Okech akasema, bila hasira. "Siku nne niliwasikia juu yangu wakichimba. Siku ya tano nikasikia gari langu linawaka. Likaondoka."

Diploma yangu ilikuwa Migori, ukutani, ndani ya fremu. Pale nilikuwa na mdomo tu, na udongo ulishafika kidevuni. Nikayasema yale yaliyonishinda mbele ya vijana: "Okech, baba yangu, gari limekuja kukuchukua. Nimekukosea. Twende nyumbani."

Injini ikawaka. Mimi sikukanyaga pedali yoyote. Ningewezaje, miguu imefukiwa? Nilishika usukani tu, shingo nimeinua kama mtu anayevuka mto. Gia ya tatu iliingia yenyewe.

Tulipofika Karungu, Mama Awuor alikuwa akianika mihogo. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja mlango wa abiria, akaufungua, na udongo ukamwagikia miguu yake. Kiti kilikuwa kitupu. Akainama akachota udongo kiganjani.

"Umekawia," akasema, na hakuwa akisema nami.

Kisha akaleta beseni. Tuliuchota udongo wote, mpaka ule wa kwenye mifuko yangu. Watu wa ukoo wakaja, katekista akasali, na Okech akazikwa, udongo ule ukiwa ndio mwili wake, upande wa kulia wa nyumba yake. Kaburi nililichimba mimi, peke yangu. Hakuna aliyeniomba.

Pikapu bado ninayo, na ufunguo ukizungushwa mara moja tu inawaka, usiniulize mara mbili. Lakini vioo sifungi, hata mvua ikinyesha. Nyumbani nalala mlango wazi, na mke wangu amechoka kugombana nami. Kila asubuhi nakohoa, na makohozi yana wekundu wa udongo. Daktari alinipiga picha ya kifua, akaniuliza nimefanya kazi mgodini miaka mingapi. Mimi sijawahi kushuka mgodini hata hatua moja.

Basi nawe unayetaka gari la zamani, linunue. Ni bora kuliko jipya, hilo bado nalisema. Kagua injini, kagua chasisi, lala chini uangalie kama linavuja. Lakini kabla ya kuondoka nalo, uliza ni nani alitoka nalo nyumbani na hakurudi nalo. Na kama anayekuuzia anakuomba ahadi, usiitoe kwa mdomo mtupu. Usidhani yeye peke yake ndiye anayekusikia.