Weupe wa Jicho

Juzi, kwenye duka la vifaa vya shule Kariakoo, niliona kisanduku cha rangi za maji kama changu cha utotoni.

Bibi Hansa, jirani yetu wa ghorofa ya chini, ndiye aliyenifundisha kuchora sura za watu. Mchana mmoja mama alikubali kukaa nimchore. Chumba kilinukia udi, na nje wasukuma mikokoteni walipiga kelele, "Pisha! Pisha!" Mama alisinziasinzia, nilidhani amechoshwa na kukaa.

Macho yake niliyapaka manjano hafifu, kama nilivyoyaona.

Bibi Hansa aliinama, akacheka. "Hapana, mwanangu. Weupe wa jicho haupakwi. Unaacha karatasi yenyewe."

"Lakini ya mama ni ya manjano, bibi."

"Jicho ni jeupe. Futa."

Nikalowesha brashi, nikafuta mpaka karatasi ikawa nyeupe.

Leo najua kwamba yale yalikuwa maradhi ya ini. Nyumba nzima hakuna aliyeyaona manjano yale ila mimi, na mimi ndiye niliyeyafuta.

Siku ya arobaini ya mama, wageni waliitazama picha ile wakasema nimempatia kabisa, hasa macho.